Kanga wa Kumi na Nne

Mimi nimewahi kuwindwa.

Usicheke, sijamaliza. Nimewindwa mchana kweupe, nikakamatwa, nikafikishwa mbele ya wawindaji nikiwa mzima, sijachubuka popote, na gauni langu halikukatika hata uzi mmoja. Kama kuna bibi mwingine wa umri wangu anayeweza kusema hayo, ajitokeze tukae tuzungumze. Mpaka leo hajajitokeza.

Aliyeniwinda alikuwa mbwa wa miezi kumi. Na aliyemfundisha mbwa huyo alikuwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, fundi cherehani ambaye watu wote walimwita Fundi Futi, kwa sababu ile futi yake ya kupimia haikutoka shingoni hata alipokwenda kuoga. Mkewe ndiye aliyenieleza. Mimi sichungulii watu wakioga.

Fundi Futi alijua mambo mawili duniani: kushona na kujisifu. Kushona alishona kwa vipimo. Kujisifu hakupima!

Kila Jumamosi alikwenda porini kuwinda kanga pamoja na wenzake wawili. Wa kwanza ni muuza nyama wa bucha ya kona, ambaye ndiye peke yake aliyekuwa na bunduki na kibali, kwa hiyo wakamwita Mwenyekiti. Wa pili ni Mwalimu Chaki, mstaafu, aliyekwenda na daftari akihesabu ndege na kuandika. Wa tatu ni Shemeji. Yeye alibeba gunia.

Miaka kumi na mmoja, gunia! Wenzake wanatangulia, yeye nyuma. Wakirudi wanagawana mapaja na vidari, yeye anapewa shingo.

"Mimi ndiye mlinzi wa nyuma," alikuwa akituambia. "Jeshi lisilolindwa nyuma limekwisha."

"Shemeji, unabeba gunia."

"Gunia ni sehemu ya ulinzi."

Sasa, Mwenyekiti alikuwa na mbwa mmoja anaitwa Nyundo. Kanga akipigwa akaanguka, Nyundo ndiye aliyekimbia kumleta. Kuleta alileta. Lakini alichokileta kilihitaji kijiko! Yule ndege alifika kama aliyepitia mashine ya kusaga, mifupa yake imechanganyika na manyoya, huwezi kujua kichwa kilikuwa upande gani. Mke wa Mwenyekiti akavumilia, akavumilia, siku moja akaweka sufuria chini. "Sipiki tena huu uji wa manyoya!"

Mwenyekiti akawaita wenzake. Magoti yake yamechoka, akasema, na msimu ujao atatangulia mtu mwingine. Atakayepata mbwa wa kuleta ndege mzima, bila tundu la jino, huyo ndiye atakayekwenda mbele na kuvaa ile filimbi ya shaba.

Ile filimbi! Shemeji alikuwa akiitazama kwa miaka kumi na mmoja kutoka nyuma ya kisogo cha Mwenyekiti.

"Miezi sita," akasema. "Nipeni miezi sita. Mbwa wangu atamleta kanga na kanga mwenyewe hatajua kama amebebwa."

"Na ukishindwa?" akauliza Mwalimu Chaki.

"Nikishindwa nitabeba gunia mpaka kaburini!"

Mwalimu Chaki akalamba ncha ya penseli, akaandika.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo nikueleze habari ya gauni, maana bila gauni hadithi hii haina miguu.

Kikundi chetu cha kuimba kilikuwa na akina mama kumi na wanne, mimi nikiongoza sauti ya kwanza. Tukaamua kushona sare. Kitambaa nilichagua mwenyewe: cheusi, chenye madoadoa meupe, kizito, cha heshima. Tukachukua jora zima, mita hamsini. Nililipima palepale dukani kwa mkono wangu, mwenye duka akawa ananung'unika, nikamwambia anung'unike huku ameshika upande wa pili.

Kila gauni mita tatu. Kumi na nne mara tatu ni arobaini na mbili. Zinabaki nane. Mimi niliishia darasa la saba, lakini ni lile darasa la saba la zamani, ambalo ukikosea kuzidisha mwalimu hakuulizi kama umekula.

Tukampa kazi Fundi Futi, maana ni wa nyumbani. Sare zikaja.

Salaale!

Langu ukilivaa ulipaswa uchague jambo moja: ufunge vifungo, au uvute pumzi. La mke wa Mwenyekiti lilishuka mpaka kifuani, likagoma hapo kama punda mbele ya maji. Mkunga wetu alipolivaa lake hakuweza tena kuinua mikono, naye kazi yake yote ni mikono.

Nikamwendea Shemeji kibandani kwake.

"Shemeji, kitambaa kimekwenda wapi?"

"Kimekwisha, Shemeji. Tena nilihangaika! Nikaunga hapa, nikaunga pale. Hata kipande cha kufutia mafuta ya cherehani sikubaki nacho."

"Mita nane?"

Akanitazama kuanzia kilemba mpaka ndala, polepole, akichezea ncha ya futi yake.

"Wewe ni mtu mzima, Shemeji, sitakuficha. Mmenenepa."

"Nani?"

"Wote. Kumi na wanne. Sijui mnakula nini mkimaliza kuimba."

Tumenenepa! Mimi, ambaye pete ya ndoa niliyovishwa nikiwa msichana mpaka leo inazunguka kidoleni! Nilirudi nyumbani. Ningependa kukuambia kwamba sikumwamini. Lakini miezi mitatu nilikula nusu sahani, nikanywa chai kavu bila sukari, nikawa naota viazi.

Kisha ikaja siku ya kufungua wodi mpya ya zahanati. Wageni wamejaa. Tunaimba. Nikafika kwenye ile sauti ya juu ambayo kikundi kizima huniachia mimi, nikavuta pumzi, nikaipandisha, na mshono wa kwapani ukaitikia. Rrraaaa! Watu wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya wimbo.

Kwa hiyo ujue tangu mapema. Shemeji alikuwa akitafuta filimbi. Mimi nilikuwa natafuta mita nane.

Mtoto wa mbwa alimpata kwa mkulima mmoja: rangi ya chai ya maziwa, masikio yanayoning'inia kama soli zilizoachia kiatu. Akamwita Hariri.

"Kwa sababu gani Hariri?" nikamuuliza.

"Kwa sababu ya mdomo wake. Mdomo huu utakuwa hariri tupu! Laini!"

Wakati huo Hariri alikuwa anatafuna mguu wa meza ya cherehani, na mguu ulikuwa unapungua.

Somo la kwanza lilikuwa yai. Shemeji alikuja kwangu asubuhi.

"Shemeji, niazime yai."

"Yai linaazimwa?"

"Litarudi zima. Ndiyo maana ya mafunzo."

Nikampa, nikamfuata kuona. Akamwekea Hariri yai mdomoni kama anavyoweka sindano mpya kwenye cherehani. Hariri akalishika. Akatembea hatua moja. Ya pili. Ya tatu! Shemeji machozi yakamlenga. "Unaona, Shemeji? Unaona kipaji?" Hariri akafumba macho, akameza.

Tulifika yai la tisa. Manyoya ya mbwa yaking'aa kama viatu vya bwana harusi, na kuku wangu wakinitazama kama mtu aliyewauza. Nikafunga dirisha la mikopo.

Somo la pili lilikuwa ndala. Ndala haikumezwa, lakini ilitafunwa. Nyumba nzima wakawa wanatembea na ndala za visigino nusu. Hapo Shemeji akagundua kwamba mbwa hajifunzi kwa kuambiwa, anajifunza kwa kuona.

Haya niliyasikia kwa karani mmoja wa posta, mtu mkweli, aliyekwenda kuchukua suruali yake. Anasema alipiga hodi kibandani, kimya. Akazunguka uani. Akamkuta Fundi Futi ametambaa kwa miguu minne, ndala mdomoni, futi inaburuzika chini kama kamba. Mbwa ameketi kivulini, kichwa amekiinamisha upande, anamtazama kwa makini kama mkaguzi wa shule.

"Fundi," akasema karani, "suruali yangu iko tayari?"

Fundi, ndala mdomoni: "Mmh."

"Tayari, au bado?"

"Mm-mh."

Karani akangoja. Shemeji akatambaa mpaka miguuni pake, akaketi kwa makalio, akaiweka ndala juu ya kiatu cha mteja wake. Taratibu. Bila alama. Kisha akamgeukia mbwa: "Umeona?"

Karani akasema suruali ataifuata mwezi ujao.

Baada ya hapo mambo yakawa siri. Shemeji akazungushia uani mabati, akaacha pengo dogo tu nyuma, upande wa uwanja wa mpira wa shule, la kupitia mbwa. Ua wake na wangu unatenganishwa na ukuta mmoja, lakini sasa sikuweza kuona kitu. Nilisikia tu.

"Laini, Hariri! Leta! Laini! Kaa. Toa! Ahsante bwana mkubwa!" Na kila somo likiisha: "Maliza! Maliza wote! Mwindaji haachi hata mmoja porini!"

"Shemeji," nikamwita kupitia ukutani, "unamfundishia nini humo?"

"Siri ya ufundi!"

"Si ndala tena?"

"Nimemtengenezea kanga wa bandia, Shemeji. Kazi ya mikono yangu! Ukimwona utadhani ataruka. Kanga halisi wakimwona wataona haya."

Nikaomba kumwona. Akasema nitamharibia mbwa umakini.

Kulikuwa na jambo moja nililoliona, ila nikalielewa vibaya, nami nakiri. Kila nilipotoka nyumbani na sare yangu, kama Hariri yuko mlangoni kwa Shemeji, alisimama. Mkia ukanyooka. Akanitazama bila kupepesa. Mbwa wengine wote wa mtaa hunibwekea. Huyu ananipa heshima! Nikasema moyoni, kumbe mbwa akifundishwa hujua mtu mwenye hadhi.

Siku moja nikafua sare nikaianika. Nikaingia ndani kutoa maji ya chai motoni, nikatoka, kamba tupu! Kabla sijapiga kelele, Shemeji huyo anakuja, gauni mkononi, uso umempauka kama chaki.

"Upepo, Shemeji. Upepo umeliangusha kwangu."

Nikalikagua. Halina vumbi, halina mkunjo. Upepo gani unaoangusha nguo bila kuichafua? Tena siku hiyo hata jani halikutikisika.

Kesho yake akarudi. Wiki nyingi kabla ya hapo, katika kujisifu kwake, alikuwa ametualika kikundi kizima tuje kumwimbia siku atakayovishwa filimbi. Sasa akawa na sauti ya mgonjwa.

"Shemeji, ile siku ya majaribio, mje mmevaa nguo za kawaida."

"Kwa nini?"

"Uwanja una vumbi. Sare zenu ni nzuri mno."

"Zilizotubana?"

"Basi ndiyo vizuri mzipumzishe."

Sikia, mimi nimeambiwa nguo ya kuvaa na mama yangu, na baada yake hakuna. Jioni ile nikapita kwa akina mama wote kumi na watatu, nyumba kwa nyumba. Siku ya majaribio, sare! Anayeweza kufunga vifungo afunge, asiyeweza ajitande mtandio ubavuni.

Siku ikafika. Jumapili alasiri, uwanja wa shule, watu wamejipanga kama kuna fainali. Mwenyekiti amekaa kwenye kiti, filimbi ya shaba kifuani. Mwalimu Chaki na daftari. Nyundo amefungwa kwenye nguzo ya goli la kushoto, ananuna. Kanga wa kweli, aliyepigwa asubuhi ileile, amelazwa kwenye nyasi hatua themanini kutoka hapo.

Shemeji amevaa shati jipya, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Anatembea kifua mbele, anasalimia watu kama mgombea.

Ndipo tukaingia sisi kwa mstari, kumi na wanne, madoadoa matupu, tukasimama karibu na goli la kulia.

Kifua kikarudi ndani.

"Shemeji," akaninong'oneza, "si nilikuomba?"

"Uliomba. Nami nikakataa. Ndiyo maana inaitwa kuomba."

Akamkimbilia Mwenyekiti. "Tuahirishe. Jua kali kwa mbwa."

"Nimekwisha andika tarehe," akasema Mwalimu Chaki. "Kwa wino."

Hakukuwa na njia. Shemeji akapiga goti, akamnong'oneza Hariri maneno marefu sikioni, maneno ya mzazi na mtoto anayekwenda mtihani. Kisha akanyoosha mkono kuelekea kule aliko kanga, akasema, "Leta!"

Hariri akaondoka kama risasi. Moja kwa moja mpaka kwa kanga! Watu: "Eeeeh!" Akamnusa. Akapiga chafya. Akampita kama mtu anavyompita jamaa waliyegombana naye msibani.

Maana mbwa yule tangu azaliwe hajawahi kuonyeshwa ndege hata mmoja! Yeye alijua kitu kimoja tu kinacholetwa kwa Fundi Futi, nacho kilikuwa cheusi chenye madoadoa meupe.

Akainua kichwa. Akatuona.

Sijui kama umewahi kumwona mtu ambaye maisha yake yote amesoma kwa picha, siku moja akafunguliwa mlango akaonyeshwa kitu chenyewe, kikubwa, tena kumi na wanne. Mkia ukamnyooka!

Akaanza na mke wa Mwenyekiti. Akamshika pindo la gauni, kidogo tu kwa ncha za meno, akaanza kurudi kinyumenyume.

"Mume wangu! Ananivuta!"

"Anakuuma?"

"Hapana! Ananivuta kwa... kwa adabu!"

"Basi njoo tuone mwisho wake."

Akaja. Angefanya nini? Hariri akamfikisha mbele ya Shemeji, akaketi, pindo mdomoni, akingoja.

"Mwambie atoe," akasema Mwalimu Chaki.

"Toa," akasema Shemeji, kwa sauti ya mtu anayetajwa kwenye orodha ya waliofeli.

Hariri akatoa. Mwalimu Chaki akavaa miwani, akainama, akakagua pindo. "Hakuna tundu. Hakuna hata mate." Akaandika: *Mmoja.*

Hariri alikuwa amekwisha rudi. Mkunga akaona bora akimbie. Lakini sare ile ilishonwa kwa hatua fupi! Alipiga hatua sita za kuku, akakamatwa. *Wawili.* Mwingine akajificha nyuma ya nguzo ya goli, naye si mwembamba kama nguzo. *Watatu.* Wanne, watano, saba. Umati sasa unahesabu pamoja na Mwalimu: "Naneee! Tisaaa!" Mke wa Shemeji mwenyewe, naye ni wa sauti ya pili, akaletwa wa kumi na moja, akapangwa mbele ya mumewe kama shahidi.

Nikabaki mimi.

Sikukimbia. Mimi si wa kukimbia. Hariri akaja, nikamwambia, "Unajua mimi ni nani?" Akaketi. Akanitazama na yale macho ya heshima. Kisha akashika pindo langu, tukaondoka taratibu, yeye akinipisha kwenye mashimo. Na nitasema kweli: tangu mume wangu aniache, hakuna aliyenisindikiza vizuri namna ile.

"Kumi na nneee!"

"Sasa inatosha!" Shemeji akapata sauti. "Mmeona? Mdomo laini! Ni mambo ya hali ya juu, mbwa ameelewa kwamba... Hariri! Kaa! Inatosha!"

Hariri hakukaa. Amefundishwa kumaliza wote, na neno "inatosha" hakulijua. Katika nyumba ile nani angemfundisha?

Akachomoka kuelekea kwenye mabati, akaingia lile pengo. Akatoka na kitu. Akakileta mpaka miguuni pangu, maana ndiko alikokuta kundi. Kanga wa bandia! Wa kuvutia, sikatai, ana mdomo wa kifungo na mkia wa kamba. Akaenda, akaleta wa pili. Wa tatu.

Nikamwokota mmoja. Nikampapasa. Nikamweka juu ya mkono wa gauni langu, na akapotea! Huwezi kujua kanga anaishia wapi na mimi naanzia wapi.

"Shemeji," nikasema, "hawa watatu wamekula mita moja."

"Ni vipande, Shemeji, vipande tu vya..."

Hariri akarudi na mto. Madoadoa. Kisha mto wa pili.

"Mito yangu!" Mkewe akashika kiuno. "Si uliniambia kitambaa chake kimetoka ng'ambo, kinafanana tu na cha sare?"

"Mita moja na nusu," nikasema. "Jumla mbili na nusu."

Akaleta kifuniko cha cherehani. "Tatu na nusu." Kisha akakawia kidogo huko ndani, tukasikia kitu kikianguka, halafu akatokea kwenye pengo akirudi kinyumenyume, polepole, kwa uangalifu wa mtu anayehamisha kabati, akivuta pazia la chumbani, zima, na pete zake na fimbo yake, akiligeuza upande lisichanike kwenye bati.

"Mita tatu na nusu. Jumla saba."

Akina mama kumi na wanne tumemzunguka Fundi Futi, na mimi nikasikia hata yule mkunga mpole akisaga meno. Miezi mitatu ya nusu sahani!

"Imebaki mita moja, Shemeji. Iko wapi?"

"Hiyo sijui, Shemeji! Naapa! Hiyo ya mwisho sijui kabisa!"

Akainama haraka akusanye mito, aifiche. Na alipoinama, shati jipya likapanda mgongoni.

Hariri akaona. Juu ya mkanda wa suruali, ukingo mdogo tu wa bukta ya ndani. Mweusi. Madoadoa meupe.

Kanga wa mwisho!

Hakuruka, hakubweka. Alikwenda kwa nyuma, akaingiza pua, akashika ukingo kwa ncha za meno kama alivyofundishwa, akauvuta kuja nyuma kiasi cha mkono mzima, akaketi. Shemeji akabaki ameinama, mto mkono huu, suruali mkono huu, hawezi kwenda mbele, hawezi kurudi.

"Nane," nikasema.

Mwalimu Chaki akaandika.

"Shemeji," akalia chini kwa chini, "mwambie aniache."

"Neno unalijua wewe. Lakini kwanza tuambie, nani amenenepa?"

"Shemeji, jamani, watu..."

"Nani amenenepa?"

"Hakuna."

"Sauti ya pili hawajasikia."

"Hakuna aliyenenepa!"

"Wangapi?"

"Wote! Kumi na wanne! Hakuna hata mmoja!"

"Toa," nikasema mimi. Hariri akatoa. Mpira wa bukta ukarudi mahali pake, pwaa! Mpaka Nyundo kule kwenye goli akashtuka.

Nyundo, nakumbuka, akakata kamba hapo hapo. Tulipokuja kumkumbuka yule kanga wa kweli, palibaki unyoya mmoja.

Mwenyekiti na Mwalimu Chaki wakasogea pembeni wakashauriana. Wakarudi. Mwalimu akasoma kwenye daftari:

"Sharti lilikuwa mbwa alete bila tundu la jino. Mbwa ameleta akina mama kumi na wanne, kanga wa bandia watatu, mito miwili, kifuniko kimoja, pazia moja na fundi mmoja. Matundu, hakuna. Mbwa amefaulu."

Shemeji akainua kichwa. Macho yakaanza kung'aa, nakuambia, hata pale! Akanyoosha shingo ipokee filimbi.

"Mbwa," akasema Mwenyekiti, "tumesema mbwa." Akainama kwa yale magoti yake mabovu, akamvisha Hariri.

Tukaimba. Nilipofika ile sauti ya juu, nikainua mikono yote miwili na nikaacha mshono ujibu unavyotaka.

Msimu ule Hariri alitangulia, filimbi shingoni. Mwenyekiti alimchukua akamfundisha upya kwa ndege wa kweli, na kanga walifika nyumbani utadhani wamelala. Nyuma kabisa, baada ya Mwenyekiti, baada ya Mwalimu, na sasa baada ya mbwa, alifuata Shemeji na gunia lake.

Sare je? Wiki mbili alikaa kwenye cherehani haonekani uso. Alifumua zote kumi na nne na kuziongezea, zile mita nane zikatumika mpaka kipande cha mwisho. Nilimsimamia mwenyewe, kwenye kiti, na sahani yangu imejaa.

Langu sasa linafunga vifungo na pumzi inapita. Ameniongezea kipande chini ya kwapa la kushoto, pale palipochanika.

"Hiki kimetoka wapi, Shemeji?"

"Kwenye pazia."

"Pazia?"

"Pazia tupu, Shemeji. Tena lile la upande wa dirishani."

Sina sababu ya kumshuku. Nasema tu ninachokiona. Hariri siku hizi ni mbwa mkubwa, amekwisha yaacha mambo ya madoadoa. Mke wa Mwenyekiti aliyeongezewa pazia anampita, Hariri hata masikio hayainui. Mkunga aliyeongezewa mto anampita, Hariri anapiga miayo.

Nikipita mimi, anaamka. Anakuja mpaka nilipo, ananusa pindo, analiacha. Ananusa mfuko, anauacha. Ananinyanyukia taratibu kwa miguu ya nyuma, anashika chini ya kwapa la kushoto, hapo hapo, si kwingine, kwa ncha za meno, bila kuacha alama. Halafu ananigeuza kuelekea kwa Shemeji.

Na Shemeji, popote alipo, anakumbuka ghafla kwamba ameacha pasi juu ya nguo ya mtu.